Ukiikata Mkia, Bado Tasa

Jumatatu, 3 Machi
Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amempa Mwalimu wa hisabati maua ya plastiki. Plastiki! Mwalimu kashukuru, kisha kapita kwangu kuchukua sketi niliyoipunguza kiuno. Nikamuuliza, kijanja, namba gani anaipenda kuliko zote. Nikasingizia ni ya fulana ya mpwa wangu mchezaji mpira. Akasema 73939133. Mpwa atahitaji mgongo mpana.

Akanieleza. Ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukiikata tarakimu ya mwisho, inayobaki ni tasa. Kata tena, tasa. Mpaka ibaki saba peke yake, nayo tasa vilevile. Na za aina hiyo hakuna kubwa kuipita. Sikuelewa yote, ila macho yake yaling'aa. Nampenda, basi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeitarizi namba kwenye kitambaa chembamba cha meza, uzi mwekundu. Kazi safi! Kisha nikawa nasawazisha ukingo, mkasi ukaondoka na tatu ya mwisho. Nilitaka kulia. Halafu nikakumbuka: 7393913, bado tasa! Namba gani nyingine ingemvumilia fundi kama mimi?

Kinyozi alichungulia dirishani, akauliza kama natangaza namba ya simu. Akili fupi kama nywele anazoacha.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Nimepeleka kitambaa kwao, Mwalimu hakuwepo. Alifungua mama yake, mtu wa mwili, akaujaza mlango. Nikampa shikamoo, nikamkabidhi kitambaa, nikasema kwa fahari kwamba nimemshonea binti yake tasa. Akaniomba nirudie. Nikarudia! Nikaongeza kwamba hata kikatwe vipi, utasa uko palepale.

Mama akataka kujua nani amenituma kumlaani mwanawe wa pekee, naye anangoja wajukuu. Hakungoja jibu. Akachukua mkasi. Ikaenda tatu, ikaenda moja, ikaenda tisa. Alipofika kwenye 73, Mwalimu akaingia. Akatazama vipande sakafuni, akatazama kilichobaki, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, unakata barabara," akasema. "Lakini bado ni tasa."

Akamweleza maana yake. Mama akasonya. "Si angesema tu haigawanyiki?"

Nimefukuzwa hata hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Mwalimu kaja! Ile 73 ameifanya alama ya ukurasa kitabuni mwake. Amesema maua ya kinyozi hayajamchekesha hata siku moja. Nimekaribishwa chai Jumapili ijayo, kwa sharti kwamba nimtulize mama kwanza, na nisimtajie neno lolote la hisabati. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Nimefurahi hadi nimejichoma sindano.

Mpango tayari. Nimefukua kitabu changu cha zamani cha shule. Chukua 111111111, izidishe kwa yenyewe, inazaa 12345678987654321. Inapanda hadi tisa, inashuka kwa adabu. Tena inazaa, mama atapenda! Namba za namna hiyo huitwa mraba. Nitaitarizi kwenye mto wa kiti chake, kisha nitapiga goti nimweleze kwa upole: mama, huu ni mraba, upana wake sawa pande zote, na nilipouona tu nikakukumbuka wewe.

Hapo hakuna pa kuudhika.