Chumba Kisicho na Herufi

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ameitia kompyuta ugonjwa tena. Anaapa hakugusa kitu, alikuwa anacheza karata tu. Karata! Mhasibu mstaafu, kaka wa marehemu mke wangu, mtu wa mvi, anashindana na mashine isiyojua hata kuona haya. Sasa kioo kinatangaza viatu vya kike, kinacheka, kinazimika. Kitabu changu kilikuwa humo. Kimeponea chupuchupu.

Kitabu ni cha nyumba. Nyumba yetu ya kule tulikotoka, tuliyoiacha asubuhi moja mlango ukiwa wazi. Naiandika chumba kwa chumba: sebule, ukumbi, jiko, chumba cha mama, ghala. Hatukuchukua hata picha moja. Binti yangu alitoka humo mgongoni, jino hajaota. Juzi aliniomba nimsomee Jumapili, siku asiyo na zamu hospitalini. Alisema watu wakimuuliza kwao pakoje, huwa anaangalia chini kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu.

Basi kitabu kikipotea, na nyumba imepotea, na mwanangu atakuwa ametoka hewani.

Lazima kompyuta ilindwe. Dhidi ya nani, sitaji mtu. Anakohoa chumba cha pili.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi. Duka lake ni pana kama kabati, limejaa kompyuta zilizopasuliwa vifua. Nikamweleza kwa mafumbo. Akasema: mzee, sema tu hutaki shemeji yako aharibu.

Kijana ana akili. Alinieleza kwamba diski ni kama nyumba. Unajenga ukuta ndani yake, unapata chumba cha pembeni. Wao wanakiita patisheni. Humo unaweka nakala ya kompyuta nzima ilivyo siku iliyo nzima. Kisha unakiondolea herufi ambayo mashine hukiitia. Kisicho na herufi hakionekani. Mambo yakiharibika, unawasha huku umeshikilia kitufe fulani, na mashine inarudi siku ile ya afya. Kila kilichokuja baadaye kinafutika.

Kwa hiyo, akasema, maandishi yako yaweke kwenye flashi. Au chapisha. Akarudia kwa sauti ya kusemesha viziwi. Nikaitikia kwa adabu.

Flashi! Kidude cha ukubwa wa kucha! Shemeji huchokolea meno chochote anachokikuta mezani. Mpango wangu ni bora zaidi. Kitabu kitakaa ndani ya chumba kile cha siri, na si kwingineko. Nikitaka kuandika, nabonyeza kitufe, kinatoka. Nikimaliza, natengeneza nakala mpya, nakifuta huku nje. Sisi tuliowahi kuhama kwa mbio hatuachi vitu vyetu barazani.

Faida ya ziada: kila nikibonyeza, ushindi wa Shemeji kwenye karata unafutika. Sikuipanga hiyo. Nimeigundua tu, nikafurahi.

Jumatano, 5 Machi

Kimefanya kazi! Nimebonyeza, mashine imerudi jana kama mtoto mtiifu. Shemeji amepiga ukelele sebuleni. Alikuwa amebakiza kidogo tu aishinde. Nikampa pole ndefu. Akavaa kofia, akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Nikafungua kitabu. Nikakuta kitu cha ajabu. Baada ya sura ya ghala pana sura nyingine, mistari michache. Inaitwa Chumba cha Nyuma. Inasema: ukipita ghala, nyuma ya kabati la vyombo, kuna mlango. Ndani kuna dirisha moja na mkeka. Mkeka umetandikwa.

Sikuandika mimi. Na chumba hicho hakikuwapo! Baada ya ghala kulikuwa na ukuta wa nje, uliopakwa chokaa, na nyuma yake mbuzi wa jirani. Naijua nyumba yangu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba imeandikwa vizuri. Mkato umekaa pale pale ambapo ningeuweka mimi.

Ni Shemeji. Nimeifuta sura yote na kutengeneza nakala mpya, safi.

Alhamisi, 6 Machi

Wakati wa chai nimemtega. Nikasema wapo watu wanaoingilia nyumba za wenzao. Akasema hata hapa hajaingilia, kaalikwa na mpwa wake. Nikasema vyumba haviongezwi ovyo. Akaniuliza nimelala vizuri? Mwisho nikamtolea uvivu: nani kaandika kuhusu chumba cha nyuma?

Akatafuna mkate taratibu. Akasema kile cha nyuma ya kabati? Mbona kilikuwapo. Ndimo alimolala alipomleta dada yake harusini. Kulikuwa na baridi kidogo, akasema, hata saa sita mchana.

Nikamwambia anaota. Akaniambia mwenye kuficha sana, mwisho hujificha mwenyewe asijione. Nikamwambia methali hiyo haipo. Akasema sasa ipo.

Mchana binti alimpeleka kliniki kuangaliwa goti. Nyumba ikawa tupu. Feni ilisimama yenyewe, umeme ukiwapo. Nikabonyeza kitufe.

Sura imerudi. Ile niliyoifuta! Na imekua. Sasa kwenye mkeka amekaa mtu. Ameupa mlango mgongo. Anakunja nguo za mtoto, moja moja, na rundo halipungui.

Shemeji angeweza kuiandika kabla ya kliniki. Angeweza. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nimeishikilia fikira hiyo hadi waliporudi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mtego wa kisayansi. Nimenyunyizia kibodi poda ya mwili, nyepesi kama vumbi. Atakayeigusa ataacha alama za vidole. Kisha nikamketisha Shemeji barazani mbele ya macho yangu, nikamsimulia historia ya karatasi tangu mwanzo wake. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani kama mtoto wa shule. Nikamfuata hadi mlangoni. Akauliza kutoka ndani kama ningependa pia kumfungia kamba za viatu.

Alasiri nikaikagua poda. Haijaguswa. Laini kabisa.

Nikafungua kitabu. Yule mtu ameacha kukunja nguo. Ameinua kichwa kidogo. Imeandikwa hivi: anasikiliza, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kuna mtu anabonyeza vitufe.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Nikabaki nimeinyanyua hewani, kama mtu aliyekamatwa. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakishuka kwenye bomba la jirani. Mstari ule ulikuwa unangoja. Sijui niseme vipi. Ulikuwa unangoja.

Mara mkono ukanigusa begani. Nikapiga yowe! Shemeji naye akapiga yowe! Alikuja kuuliza kama nimeiona miwani yake. Poda ikaruka yote. Tulipiga chafya pamoja, wazee wawili weupe kama mikate isiyookwa, na miwani ilikuwa kichwani kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeibeba kompyuta kwa fundi. Shemeji kang'ang'ania kunisindikiza. Nikajua kuna jambo. Tulipofika, fundi akampokea kama mteja wa zamani! Akauliza karata zinaendeleaje!

Kumbe! Jumatano ile alipovaa kofia, alikwenda huko huko. Naye amejengewa chumba cha siri, kulinda ushindi wake. Siku zote hizi mimi naivuta mashine kwangu, yeye anaivuta kwake. Nikamwita mnafiki. Akasema anashukuru, mwalimu wake ni mimi.

Nilifarijika, nakiri. Basi vurugu lote ni la vyumba viwili kukanyagana. Fundi akachungulia ndani ya diski, akasema viko vitatu.

Nikasema viwili. Akahesabu kwa kidole. Kimoja cha mzee, kimoja cha shemeji, na hiki. Si cha kwake, hakukijenga yeye. Akasoma tarehe yake na kucheka: ni ya miaka mingi kabla kompyuta hii haijaundwa. Betri ya saa imekufa, akasema, tarehe hupotea, jambo la kawaida.

Alitutajia tarehe yenyewe, siku na mwezi na mwaka. Shemeji akanitazama. Nikamtazama. Fundi hajui, alikuwa hajazaliwa. Ni ile asubuhi tuliyoacha mlango wazi.

Akajaribu kukifungua. Kinadai neno la siri. Hakuna anayelijua. Akatoa flashi mfukoni, akaniwekea mkononi, bure, akasema mzee nakuomba, toa kitabu chako sasa hivi, kabla hujagusa kitu kingine. Nikamrudishia kwa shukrani. Shemeji alikuwa amesimama pale pale! Angejua kitabu kinakaa wapi.

Nyumbani nikaamua kumaliza mchezo. Shemeji akiwa anaoga, nikafuta chumba chake. Tatizo dogo: vyote havina herufi. Vimepangana kama mayai. Nikachagua kile kilichoonekana kuwa na tabia ya karata.

Kilikuwa changu.

Nimekaa. Sebule, ukumbi, jiko, chumba cha mama, ghala. Vyote. Hata dirisha la mama lililokuwa likikwama wakati wa mvua, ambalo ilinichukua wiki nzima kulieleza.

Kisha nikasikia Shemeji kwenye kibodi, na baadaye sauti yake, ndogo. Alikuwa amekusudia kukifuta changu, kumbe amekifuta chake.

Jumapili, 9 Machi

Binti amefika kutoka dukani, kavua viatu, kaweka miguu juu ya stuli. Kamwambia mjomba wake asikohoe wakati baba anasoma. Kisha akasema: haya baba, nipeleke nyumbani.

Ningemwambia nini? Nikawasha kompyuta na kushikilia kitufe, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Nilidhani haitarudi popote. Ikarudi. Haikudai neno la siri. Kioo kikafunguka kimetulia, hakuna karata, hakuna viatu. Faili moja tu. Chumba cha Nyuma.

Nikasoma. Ningefanya nini tena? Dirisha. Mkeka. Nguo za mtoto zimekwisha kukunjwa, zimefungwa kwenye kanga. Yule mtu amesimama sasa, bado ametupa mgongo. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Shemeji aliangalia sakafu. Nilipofika pale anapoanza kuimba polepole, mstari ukakatika, ukurasa ukaisha.

Binti ndiye aliyeendelea. Alikuwa amefumba macho, hakuyafumbua. Aliimba pale pale ilipokatika, wimbo ambao mke wangu hakuuimba, wala mimi, wala Shemeji, nilimwona akitikisa kichwa. Kisha akasema, kama anayeuliza bei ya nyanya: baba, yule mama alikuwa nani? Alikuwa na mikono baridi. Nakikumbuka kile chumba. Ni hicho tu ninachokikumbuka.

Akafurahi. Hilo ndilo sijui nifanye nalo nini. Alinikumbatia, akasema nimeandika vizuri kuliko alivyotarajia, sasa akiulizwa kwao pakoje atainua uso. Akasema: kihifadhi vizuri, baba, nakufahamu. Akamwomba mjomba amletee karatasi za kuchapishia kesho.

Kesho! Na usiku huu Shemeji abaki na faili wazi ndani ya nyumba?

Nikasema asante kwa sifa. Mkato ni wangu, lazima na chumba kiwe changu. Mwandishi hukumbuka hata asichokijua. Nimeamua hivyo.

Walipokwenda jikoni, nikajenga chumba kipya, cha siri kabisa. Safari hii sikosei: nitakipa jina, nisikichanganye na kingine. Nikaandika Chumba cha Nyuma. Mashine ikajibu kwamba jina hilo linatumika, na aliyemo hajatoka.

Nikafikiri kidogo. Nikaandika Chumba cha Nyuma cha Pili. Imekubali bila ubishi. Nimehamishia faili humo, nimefuta huku nje, nimeondoa herufi. Hakuna atakayekiona.

Nabonyeza kitufe mara moja tu kabla ya chakula, kujaribu.