Namba Moja Ipo Ukutani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ni miaka miwili, miezi mitatu na siku tisa tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma, mkono wa mwiko wa plasta umevimba, lakini leo nimepata dawa ya maisha.

Foromani, msimamizi wetu wa kazi, ametoka kwenye semina. Siku mbili alikuwa hayupo, amerudi na kalamu mfukoni. Alitukusanya chini ya jukwaa la ujenzi akasema kila mtu, kila asubuhi, aandike mambo matatu ya siku hiyo, aanze na lile kubwa kuliko yote. Madogo yangoje. Mzee Chokaa, fundi plasta wa ghorofa ya pili, akauliza kama kunywa chai ni kubwa au dogo. Foromani akasema semina haikufika huko.

Jambo langu kubwa nalijua. Dirisha la ofisi limefunguliwa kuandikisha likizo. Mafundi plasta tumepewa nafasi mbili tu, na daftari linafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ukikosa, subiri miezi sita. Mimi siwezi kusubiri. Binti yangu wa mwisho nilimwacha anatambaa. Wiki iliyopita mama yake alimpa simu anisalimie, mtoto akamwuliza kwa sauti: huyu mjomba wa kwenye simu anataka nini tena?

Mjomba!

Basi nimeandika. Moja: likizo. Mbili: kuosha ndoo. Tatu: kukaza mguu wa kitanda.

Nikafikiri kwa akili. Jambo kubwa halifuatwi na mtu mchafu mwenye kitanda kinachoyumba. Nikaanza na ndoo. Ndoo ilikuwa na saruji iliyoganda tangu mwaka juzi. Imetoka yote! Inang'aa! Dirisha la ofisi lilikuwa limefungwa nilipomaliza, lakini ndoo kama ile hakuna jengo zima.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua kosa la jana. Orodha ilikuwa mfukoni. Jambo likiwa mfukoni halikuoni nawe hulioni. Leo nimeiandika kwa penseli ya seremala kwenye ukuta wa chumba ninachofanyia kazi, ghorofa ya tatu, herufi kubwa kama za duka. LIKIZO. Kila nikiinua kichwa naiona. Nikafanya kazi kwa moyo. Mwiko unaruka wenyewe.

Saa nne nikainua kichwa, sikuiona.

Nimeipiga plasta. Mimi mwenyewe. Nzuri, nyoofu, bila wimbi. Nilikuwa nataka kuikwangua, foromani akaingia, akagonga ukuta kwa kiganja, akasema huo ndio ukuta bora wa wiki. Ningefanyaje? Nimeshukuru. Watakaopanga chumba hiki watalala na mambo yangu makuu hadi jengo lianguke.

Kabla ya hapo, wakati wa chai, mke wangu alipiga simu. Akauliza kama nimejiandikisha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hilo ndilo namba moja. Akauliza namba moja ya wapi. Nikasema ukutani. Halafu akaniuliza, polepole, jina la ofisi na namba ya karani wa dirishani. Nikampa. Nadhani anataka kumsalimu. Mke wangu ni mtu wa heshima.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Vita na Pimamaji.

Pimamaji ni fundi vigae, tunalala chumba kimoja. Tumempa jina hilo kwa sababu hata kitanda chake amekipima kwa pima maji, kile kifaa cha kupima usawa, na mkate hakati mpaka afumbe jicho moja. Asubuhi alinionyesha orodha yake ya Jumatatu. Mstari mmoja: andikisha likizo. Umekatwa. Za Jumanne na leo hakuandika. Nikamwuliza, sasa hiyo ni orodha au ni uvivu? Akasema yeye aliamka, akaenda dirishani, akarudi kula.

Huyo ndiye wa kunifundisha mimi!

Nikaamua kumwonyesha mpango ni nini. Nimechukua ubao, nimepigilia misumari kumi na moja, kwenye kila msumari nimening'iniza kipande cha mfuko wa saruji chenye jambo lake. Likizo juu kabisa, kwa chaki nyekundu. Chini yake kunoa mwiko, kushona kola, kutafuta soksi ya kushoto na mengine. Jambo likiisha, kipande kinatoka. Foromani alipita akautazama ubao muda mrefu. Akasema mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu mimi nimeshika kumi na moja, ikiniponyoka moja nabaki na kumi. Aliondoka akishika paji la uso.

Saa saba nilikwenda dirishani. Kweli nilikwenda! Nikakuta watu wanne mbele yangu. Mtu mwenye mpango hasimami bure kwenye foleni. Nikarudi mara moja nitoe vipande vidogo viwili vitatu kwanza. Nilitoa saba! Niliporudi, dirisha limefungwa na Dada Karani amekwenda zake.

Pimamaji alikuwa kitandani ananitazama. Akasema, "Ndugu yangu, wewe unanoa panga mpaka msitu unaisha." Nikamwambia atengeneze vigae vyake. Soksi ya kushoto, hata hivyo, imepatikana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Msiba.

Pimamaji amekuja na habari kwamba nafasi mbili za mafundi plasta zimejaa. Zimejaa! Moja ya Mzee Chokaa, hiyo ni haki yake, mzee ana miaka mitatu hajaona kwake. Nikauliza, na ya pili? Pimamaji akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakalia ndoo ya gundi ya vigae. Kila nikiuliza, anafuta machozi na kuniambia, nenda kasome mwenyewe, bwana, nenda kasome.

Siendi. Nikasimame pale dirishani nimsome mwizi wangu, halafu watu wanione uso? Hapana. Ghorofa nzima nimeipita nikiwatazama mafundi mmoja mmoja. Wote wana sura za hatia. Mmoja amenisalimia vizuri mno. Huyo nimemtia alama.

Sikuweza kula. Nilimfikiria mtoto. Miezi sita mingine na mjomba wa kwenye simu hatakuwa hata mjomba tena, atakuwa mtu wa kupiga namba isiyo sahihi.

Ndipo akili ikanijia. Jambo kubwa kuliko yote leo: kumtoa huyo wa pili. Nikaandika barua bila jina. Kwa kuwa simjui, niliandika makosa ambayo fundi plasta yeyote wa hapa hawezi kuyakosa. Kwamba haoshi mwiko. Kwamba kwenye chai hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Kwamba huziba matundu ya soketi kwa plasta ili ukuta uende haraka, halafu mafundi umeme wanahangaika. Hili la mwisho nina hakika nalo, maana hata mimi nimefanya, chumba cha tatu, mara tatu. Nikamalizia kwamba mtu wa namna hiyo akipewa likizo itakuwa aibu kwa kampuni.

Karatasi ilikuwa moja tu, nikaikunja vizuri, nikaipenyeza chini ya mlango wa ofisi wakati wa chakula. Hakuna aliyeniona. Nimekula vizuri jioni. Kazi imefanyika, na kwa mara ya kwanza nimeanza na kubwa!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi.

Saa tano na nusu niliitwa ofisini. Foromani yupo, Dada Karani yupo, barua yangu iko mezani. Moyo ukadunda kwa furaha. Foromani akaisoma yote, taratibu, kama mtu anayesoma wosia. Akaniuliza, wewe ni fundi plasta wa siku nyingi, haya mambo juu ya huyu mtu wa pili ni ya kweli? Nikasema ni ya kweli tupu, nimeyaona kwa macho yangu. Na soketi? Nikasema hasa soketi. Akauliza, basi tumtoe? Nikasema, kwa uchungu kidogo ili nipendeze, kwamba wamtoe tu, kazi ni kazi.

Dada Karani akaligeuza daftari upande wangu. Akaweka kidole. Akasema, "Haya kaka, soma huyo tunayemtoa."

Nikasoma. Nikasoma tena. Majina yangu matatu, langu, la baba na la babu.

Nilishika meza. Dada Karani akasema wifi yake, yaani mke wangu, alipiga simu Jumanne saa tano. Alimwomba aniandike kwa penseli, akasema mume wake atafika kusaini, ila atafika amechelewa na atakuja na maelezo. Alimwambia pia asinikumbushe, maana nikikumbushwa hutengeneza mpango. Foromani akaigeuza barua. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu, kulikuwa na mambo makuu ya Alhamisi. Moja: likizo. Mbili: kumkomesha Pimamaji. Tatu: kukata kucha.

Nikaanza kumtetea yule mtu. Nikasema kwa kweli si mbaya kama barua inavyosema. Nikasema amebadilika. Foromani akauliza tangu lini. Nikasema tangu sasa hivi. Nikasema ana mtoto asiyemjua, na hapo sauti ilinikatika bila mimi kupanga.

Foromani akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika nne. Akasema sawa, asaini.

Nikasema ahsante sana, bosi, ila kwanza ngoja nikimbie juu nikafukue zile soketi tatu, nije kusaini nikiwa mtu safi. Nikageuka kabisa! Mguu mmoja ulishatoka mlangoni! Dada Karani alinidaka shati kwa nyuma, kola niliyoishona ikachanika, akapiga kelele kwamba nirudi, mjinga wewe, kalamu hii hapa! Foromani akaziba mlango kwa mwili wake wote.

Nikasaini. Saa sita kasoro dakika mbili.

Siku nne zilizopita nilifikiri raha ni ndoo safi. Raha ni kusikia daftari linafungwa na wewe umo ndani. Nimefukua soketi zote alasiri, vumbi limejaa masikioni, nikiimba. Mzee Chokaa amenikumbatia. Hata Pimamaji amenipa kipande cha mkate wake, na kilikuwa kikubwa kuliko chake. Nimempigia mke wangu. Sikujua nianzie wapi. Yeye akasema tu, "Umesaini, baba?" Nikasema nimesaini. Nikasikia anavuta pumzi ndefu, kisha anamwita mtoto.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu na nimeona wazi: mpango wangu umefanya kazi. Wengine wana orodha bila likizo. Mimi nina vyote.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu amenipa maagizo matatu: usiandike kitu, usipange kitu, panda basi. Nimeyaandika. Nimeyapa namba kumi na mbili, kumi na tatu na kumi na nne, kwa sababu kuna madogo ya kumaliza kwanza ili safari iwe na uwanja safi. Kushona kola upya. Kumwandikia barua mpangaji ajaye wa kile chumba cha ghorofa ya tatu kumweleza kilicho ukutani. Kupaka rangi sanduku, maana siwezi kuingia nyumbani baada ya miaka miwili na sanduku lenye madoa ya plasta. Nimeshapaka upande mmoja. Buluu. Linapendeza!

Pimamaji naye anasafiri kesho. Amefunga mzigo wake tangu jana na sasa amekaa juu yake, ananitazama, amekunja mikono ya shati. Anasema alfajiri atanibeba mgongoni kama mfuko wa saruji. Wivu tu.

Nafika nyumbani Jumatatu saa tisa alasiri. Tuseme Jumanne. Jumatano ni hakika kabisa, rangi ikikauka.