Jibu Langu Lilipitia Malawi

Leo nimeumbuka. Na kwa kuwa Kyela nzima itakuwa imeshajua kabla sijamaliza kuandika, acha niseme mwenyewe lile ambalo nimelikana tangu kundi letu lianze: majibu ya chemsha bongo huwa natafuta mtandaoni. Kila siku. (Ndiyo, mwenye shahada ya historia. Ipo ukutani, ndani ya fremu.)

Kundi linaitwa Siku Kama ya Leo. Tumo tuliosoma sekondari moja hapa wilayani, na anayeliendesha ni Mwalimu Gwakisa, aliyetufundisha historia na ambaye kustaafu hakujamzuia kuendelea. Kila asubuhi anaweka swali kuhusu jambo lililotokea tarehe kama hiyo zamani. Mwisho wa kujibu ni saa sita mchana, kisha anaweka jibu. Sheria ni moja: tumia kichwa chako.

Juu kabisa tulikuwa wawili, mimi na Zuhura mwenye duka la vitenge mjini. Pointi zetu zililingana. Swali la leo ndilo lilikuwa la kutenganisha, na mshindi atasoma historia ya shule mbele ya wageni siku ya sherehe ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwake. Mimi hotuba nilishaiandika. Gauni nilishashona. (La zambarau. Nilijiambia hata nikishindwa litafaa harusini. Sikuamini neno hata moja.)

Swali likaingia nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Vita kuu ya kwanza ikiwa ndiyo imeanza, Waingereza waliishambulia meli ya Wajerumani upande wetu wa Ziwa Nyasa. Ilikuwa wapi, na kwa nini nahodha wake alishtuka? Kichwa changu kilikuwa kitupu kama kikombe kilivyokuwa baada ya muda mfupi. Nikatafuta. Meli ilikuwa Liuli, imevutwa nchi kavu inatengenezwa, na nahodha hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Nikapiga picha ya kioo cha simu, nikaitia simu kwenye mkoba.

Sikujibu. Mimi hujibu dakika za mwisho, wenzangu wakiwa wameshakosea vya kutosha. Inawauma zaidi.

Nikapanda bodaboda kwenda Njisi kumwona shangazi Subilaga, anayekaa karibu na mto Songwe. Ng'ambo ya mto ni Malawi. Tukasalimiana, ugonile, ugonile, nikaketi jikoni kwake nikamsomea lile jibu kwa majivuno. Nikamsomea tena, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anaangalia chungu. Muda si mrefu akapakua ndizi na samaki. Nikatazama simu, hata saa tano ilikuwa haijafika. Nikadhani ni mapenzi tu ya shangazi. Nikala.

Saa ya simu ilipokaribia sita, nikarekodi sauti. Nainukuu hapa, maana wengine wameshaisambaza: "Watoto wazuri, kalamu chini. Nimewaachia asubuhi nzima na bado nasikia ukimya. Bi Zuhura, tafuta kiti ukae. Jibu ni Liuli, na nahodha hakuwa na habari. Hotuba nitawasomea mimi."

Ikagoma kwenda. Simu ilikuwa imedaka minara ya Malawi, ambako kifurushi changu hakijulikani. Nikamuaga shangazi kwa kukimbia, nikadandia bodaboda nimeinua simu juu kama mtu anayeombewa. Tulipokaribia barabara kubwa, mtandao wa nyumbani ukarudi na sauti yangu ikaondoka. Nikaangalia saa ili nifurahi vizuri. Saa ikaruka mbele, saa nzima, huku naitazama.

Kwa ninyi mlio mbali: wenzetu wa Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikidaka mtandao wao hujibadilisha yenyewe. Kila mtu wa Njisi anajua. Mimi mwenyewe niliwahi kumcheka mgeni aliyeachwa na basi la Mbeya kwa sababu hiyo hiyo.

Ndipo ujumbe ukaanza kumiminika. Jibu la Mwalimu lilikuwa limeshawekwa. Pongezi kwa Zuhura zilikuwa zimejaa. Kisha, chini kabisa ya pongezi zote, sauti yangu inawaambia kalamu chini.

Zuhura akaniandikia: "Ahsante, Mama Lusekelo. Tumelisoma hapo juu." Mwingine akasema hata kunakili kuna adabu yake. Mwalimu aliandika kwamba ananiombea.

Ningenyamaza, ningebaki mchelewaji tu. Lakini kuitwa mwizi wa jibu la Zuhura, mimi? Nikamwambia dereva anipeleke moja kwa moja dukani kwake. Nikamkuta na Mwalimu wanakunywa soda ya ushindi, wateja wawili wakipima vitenge. Nikaeleza habari ya saa na minara. Mwalimu akasikiliza kwa upole ule aliokuwa nao zamani mtu akidai daftari limeliwa na mbuzi.

"Shahidi ninaye," nikasema. Nikampigia shangazi. Nikaweka sauti ya nje, nikaongeza hadi mwisho, ili na mtaa usikie.

"Shangazi, niko na Mwalimu Gwakisa hapa. Mwambie ukweli. Jibu nilikuwa nalo kabla, sikuwa nalo?"

"Alikuwa nalo, Mwalimu," shangazi akasema, na moyo wangu ukatulia. "Alifika nalo asubuhi. Huyu mwanangu hawezi kuiba jibu la mtu."

Nikamtazama Zuhura. Nikaanza hata kutabasamu.

"Lilikuwa kwenye simu yake, nimeliona kwa macho yangu. Alilitoa Google, akalipiga picha, akanisomea mara mbili. Ndivyo anavyofanya kila siku, Mwalimu, hajawahi kukosa. Sasa ya nini kwake majibu ya hao?"

Mteja mmoja akaweka kitenge chini taratibu.

"Haloo?" shangazi akasema. "Mmenisikia, au nirudie?"