Ng'ombe Wetu wa Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi

Cheo kiko wazi! Mkuu wa Kitengo cha Mtandao ameaga leo asubuhi, kabeba kikombe chake na kalenda, kaenda zake. Mkurugenzi ametangaza kwamba atamteua mwingine Ijumaa ya wiki ijayo. Wanaofaa ni wawili tu, mimi na Bi Nukta. Yaani, mmoja.

Niandike ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu. Mama mkwe nilishamwambia kwamba cheo hicho ni changu. Nilimwambia mwezi uliopita, mwenyewe akiwa bado amekikalia. Sikudanganya. Nilitangulia. Alikuwa amesema kwenye simu, spika ikiwa wazi, kwamba mume wa binti yake mdogo amenunua trekta, kisha akauliza mimi hasa huwa nafanya nini huko ofisini. Mtu ungejibu nini? Nikasema mimi ni Mkuu. Mke wangu aliniangalia vile anavyoangalia maziwa yanayokaribia kufurika jikoni.

Kwa hiyo cheo lazima kije. Kisipokuja, sina pa kuweka uso wangu katika ukoo ule.

Jumanne, 4 Machi

Kazi yetu ni jarida la mtandaoni la chama cha ushirika cha wafugaji. Tunaandika ng'ombe. Kupe wa ng'ombe, maziwa ya ng'ombe, mimba ya ng'ombe, na kila Alhamisi matangazo ya wanachama wanaouza ng'ombe. Mama mkwe naye ni mwanachama. Anasoma kila kitu, hata tarehe.

Bi Nukta ni mhariri mwenzangu. Jina hilo alipewa kwa sababu nukta ikikosekana mahali hatupumui hadi jioni. Ana shahada mbili, moja ya lugha, na nyingine ya lugha pia, na anazitaja hata akiazima kalamu. Akiandika sentensi moja, anabonyeza kuhifadhi. Anaguna kwa kuridhika. Anaandika ya pili, anahifadhi, anaguna. Nimekaa naye meza moja miaka yote hii. Anayesema mimi sina subira hajawahi kusikia mguno ule.

Nimshindeje? Nimewaza asubuhi nzima badala ya kuandika habari ya minyoo. Halafu wazo likaja lenyewe.

Kihariri chetu, ule ukurasa wa mtandaoni tunamoandikia, kina sehemu ya mipangilio ambayo Mkuu aliyeondoka alitukataza kuigusa. Nimeigusa. Humo ndani mna kitu kinachoitwa usimbaji, ambacho huiambia mashine izisome vipi herufi zilizohifadhiwa. Nikageuza kutoka ule mpya kwenda wa kizamani. Yesu na Maria! Ile ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng'ombe, ambayo kihariri huipinda kidogo ili ipendeze, ikapasuka. Kila ng'ombe kwenye kioo changu akawa ng’ombe. Nikarudisha usimbaji. Ng'ombe wakapona, wote, papo hapo.

Ugonjwa ninao. Dawa ninayo. Kinachokosekana ni mgonjwa tu.

Jumatano, 5 Machi

Niliwahi ofisini kuliko mlinzi. Nikageuza usimbaji, nikatoka, nikanywa chai nje, nikarudi nimechelewa kwa makusudi, mkoba mkononi, uso wa mtu asiyejua lolote.

Ilikuwa tamu! Mkurugenzi alisimama katikati ya chumba na simu yake, akiuliza ni nani amewafanyia hivi ng'ombe wake. Bi Nukta alikuwa amepauka kama chokaa, anasema ni virusi, kisha ni joto, kisha ni njama. Mimi nikatikisa kichwa taratibu. Kabla hata sijauweka mkoba chini nikasema huo ni usimbaji. Hakuna aliyelijua neno hilo. Nikasema ni tatizo zito, lakini nilishakutana nalo, wanipe mpaka kesho.

Ningeweza kulimaliza kwa kubonyeza mara moja. Lakini kazi ya kubonyeza mara moja nani ataiheshimu? Mganga hatoi dawa mgonjwa akiwa bado mlangoni.

Nimepitisha siku nikiangalia kioo na kukunja uso. Bi Nukta hakupumzika hata kidogo. Alifungua makala moja baada ya nyingine, anahangaika, anahifadhi, anaguna. Nikamwonea huruma kidogo. Si sana.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya tiba. Nikawaita wote mezani kwangu, Mkurugenzi mbele. Nikavua saa. Nikapiga vitufe vingi visivyo na kazi, kisha kwa siri nikarudisha usimbaji, nikasukuma kiti nyuma, nikasema: “Haya, tazameni.”

Wakatazama. ng’ombe.

Nikafungua makala nyingine. ng’ombe. Nyingine. Huyu sasa alikuwa ng’ombe, na mkia wake bado ungali unaingia kwenye mstari wa pili!

Imenichukua mchana mzima kuelewa. Ni ule mguno! Jana Bi Nukta kila alipofungua makala mbovu na kuihifadhi, kihariri kilidhani ule uchafu ndiyo maneno yenyewe, kikauweka ghalani. Akifungua tena, uchafu nao unasomwa vibaya, unazaa uchafu. Akihifadhi, unabaki. Amezalisha ng'ombe hao siku nzima, kwa bidii, kwa shahada mbili. Jarida lote! Ningekuwa na mwenzangu mvivu kama wengine, leo hii ningekuwa shujaa.

Nikamwambia Mkurugenzi kwamba ugonjwa umekomaa. Akauliza mpaka lini. Nikasema Jumatatu. Matangazo ya wanachama yalikuwa yameshatoka hivyo hivyo, mikia na yote.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Katika matangazo ya jana lilikuwamo la mama mkwe, anauza mtamba. Nimerudi nyumbani nimeinamisha kichwa, nikijua nitakayoyasikia. Mke wangu kanipa simu. Mama mkwe anacheka!

Anasema simu zinamiminika. Watu hawamuulizi tena mtamba ana umri gani. Wanauliza kuhusu ile alama ya pesa ya Ulaya, na zile herufi mbili ndogo za juu, TM, zinazowekwa na kiwanda kwenye bidhaa halisi. Wanauliza kama ni mbegu mpya kutoka nje na kama ina cheti. Wawili wanakuja kesho. Yeye aliona nakshi zile akafahamu mara moja kwamba ni mkwe wake, Mkuu, amempambia tangazo lake kuliko ya wenzake.

Kisha akaniita mwanangu. Miaka yote ya ndoa aliniita “huyo”, na leo mwanangu. Nikasema, mama, ni wajibu wangu.

Mke wangu alisubiri nikate simu, akaniuliza taratibu kama nina wazimu. Wivu wa kindugu.

Jumamosi, 8 Machi

Wanunuzi wamefika kwa mama mkwe. Wamekuta mtamba wa rangi ya kahawia, pembe moja imeelekea chini, anatafuna kamba aliyofungiwa. Mmoja aligeuza sikio lake kutafuta alama ya kiwanda. Wa pili alitafuta kwenye kwato. Kisha wakamwita mama mkwe tapeli, nyumbani kwake, majirani wakiwa wameegemea ua wakisikiliza neno kwa neno.

Sasa si mwanangu tena. Si hata huyo. Mke wangu anasema mama yake alilia, na yeye si mtu wa kulia. Kilichomwuma si mtamba. Ni kusimama pale uani akisema mkwe wake ni Mkuu, atarekebisha, na watu wakamcheka.

Imenichoma, nakiri. Nimeshindwa kula.

Halafu mke wangu akaongeza kwamba mama yake ameomba namba ya Mkurugenzi, naye amempa. Nikauliza kwa nini! Akasema kwa sababu ni mama yake, na ameomba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema nitatibu leo, nimetibu leo. Kihariri kina kifaa cha kutafuta na kubadilisha, kinapita makala zote kwa mkupuo. Nikawaza: uchafu umekuja mahali pa ritifaa, basi niweke ritifaa mahali pa uchafu. Rahisi! Nikaorodhesha kila herufi ngeni na kuamuru ibadilishwe kuwa ritifaa. Kikaniuliza kama nina uhakika, maana haitawezekana kurudi nyuma. Mashine hupenda kutisha watu. Nikabonyeza ndiyo.

Nilisahau kwamba kila ng'ombe alikuwa na herufi ngeni zaidi ya moja.

Sasa ni ng'''ombe. Wale aliowashughulikia sana Bi Nukta ni ng''''''''''''ombe. Zizi zima limeshikwa na kigugumizi. Mfugaji mmoja amepiga simu kuuliza kama ni kwa ajili ya maombolezo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa kwa Mkurugenzi. Bi Nukta alikuwamo tayari, amekaa kwenye kiti ninachokipenda.

Mkurugenzi akasema amepigiwa simu na mama mmoja mwanachama, mwenye heshima zake, akitaka kuzungumza na mkubwa wa Mkuu wa Kitengo cha Mtandao, ambaye ni mkwe wake. Mkurugenzi alimjibu kwa adabu kwamba hakujua kama anaye Mkuu wa kitengo hicho. Akaniuliza mimi nimekuwa Mkuu tangu lini. Nikasema ni namna tu ya kuzungumza, kifamilia. Akasema vizuri, lakini jinsi anavyojua yeye, Mkuu ndiye anayebeba lawama ya kila kinachoharibika. Basi kama ni mimi, nibebe.

Hapo Bi Nukta akaguna. Akauliza, kwa ile sauti yake ya kuhesabu nukta, nilijuaje Jumatano kwamba ni usimbaji, na mkoba bado mkononi, kompyuta yangu haijawashwa.

Nikasema ni uzoefu.

Wakanitazama. Nikasema huenda nilijaribu kitu kidogo, kwa nia njema. Mkurugenzi akavua miwani, akafuta, akavaa, akaniangalia tena kana kwamba alitarajia kumwona mtu mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Bi Nukta amewaponya wote. Unajua alifanya nini? Alimpigia simu Mkuu aliyeondoka, akamuuliza! Mtu mzima, shahada mbili, anauliza! Mimi nisingejishusha kiasi hicho hata kwa dawa.

Jamaa akamwambia kwamba kabatini mna diski yenye nakala ya akiba ya jarida zima, ya kabla ya balaa. Bi Nukta akairudisha nakala hiyo. Chai yangu haijapoa, ng'ombe wote wakawa ng'ombe. Watu wakampigia makofi. Nami nikapiga, kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa umeshika chai.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu wa Kitengo cha Mtandao ni Bi Nukta. Amekubali kwa unyenyekevu wa hotuba ndefu.

Mimi sikufukuzwa. Mkurugenzi anasema kunifukuza kungemlazimu awaeleze wanachama sababu, na sababu yenyewe inamtia aibu. Nimepewa kazi ambayo, kwa maneno yake, haihitaji kugusa kitu. Nakala za akiba sasa ni mbili, moja ya zamani iliyowaokoa ng'ombe, na moja mpya. Ziko kabatini. Kila asubuhi nifungue, nitazame kama zipo, niseme “zipo,” nifunge. Basi. Ufunguo nimekabidhiwa mbele ya mashahidi.

Jioni mama mkwe alipiga. Alitaka kunisikia kwa kinywa changu mwenyewe, mimi ni nani pale ofisini. Mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu amekunja mikono, na macho yake yalikuwa yananiomba, mara hii tu, niseme kweli. Nikavuta pumzi. Nikamwambia mama mkwe kwamba nimepandishwa. Usalama wa jarida zima sasa uko chini yangu.

Mke wangu amekwenda kulala kwa dada yake.

Jumatatu, 17 Machi

Zipo.

Nimekaa nazitazama. Diski mbili nyeusi, ndogo, kama mapacha. Mbili za nini? Jarida ni moja! Ya zamani haina kazi tena, imejaza nafasi ambayo Bi Nukta, tangu Ijumaa, analalamika kwamba uhaba wake unamkosesha usingizi. Tena leo analisafisha jarida lote upya, amelitoa mtandaoni hadi mchana, atalirudisha kutoka kwenye diski ile mpya, kwa hiyo hakuna wa kunisumbua. Hii ndiyo bahati. Nikimfutia ya zamani kabla hajaniambia, Mkurugenzi ataona nani anafikiri mbele hapa. Baada ya hapo, cheo si neno la kuomba tena, na mama mkwe atakuwa hakuambiwa uongo, ataona nilitangulia tu.

Nimechomeka ya kushoto, nimebonyeza futa. Imeniuliza kama nina uhakika. Ndiyo, ndiyo. Bi Nukta mwenyewe alisema ya zamani ni ya kushoto.

Sikumuuliza tu kama ni kushoto kwangu au kushoto kwa kabati.