Malalamiko ya Mwendesha Pampu Dhidi ya Skrini Yenye Ukubwa wa Stempu

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUKUZIWA SKRINI, AU KUBOMOLEWA UKUTA

Kichwa cha barua hii kinajieleza, lakini shingo yangu haiwezi kujieleza, ndiyo maana naandika kwa niaba yake.

Mimi ni yule mwendesha pampu wa siku nyingi, mnene kidogo, ambaye kwenye mikutano hukaa karibu na mlango. Kwa miaka mingi nimefungua na kufunga maji ya mji huu kwa mikono yangu. Gurudumu la valvu kubwa lilikuwa zito; ukilizungusha asubuhi, mabega yanalikumbuka hadi jioni. Pampu zilinguruma, mishale ya geji ilitikisika, na aliyetaka kujua kama nipo kazini alitega sikio tu. Kisha mkatuletea maendeleo. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, na kama unakumbuka, makofi yangu ndiyo yaliyochelewa kuisha.

Nikahamishiwa chumba chenye zulia, kiti kinachozunguka, na skrini pana kama dirisha. Dada wa kompyuta, yule binti mpole anayebeba laptopu kifuani kama mtoto mchanga, alinieleza kwamba pampu sasa zinaendeshwa kutoka kwenye mashine pepe. Nikamwuliza pepe maana yake nini.

"Ni kompyuta isiyo na mwili, baba," akasema. "Inaishi ndani ya kompyuta nyingine."

Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga, na kwetu pepe ni punje isiyo na kitu ndani. Lakini nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, kwa sababu ulikuwa umesimama pale, na wewe pia ulikuwa ukitikisa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Skrini ni pana, lakini mashine pepe haitaki kuitumia. Imejikunyata katikati, kidirisha cheusi chenye maandishi meupe, kama stempu iliyobandikwa kwenye bahasha kubwa. Pembeni yote ni kiza kitupu ambacho ofisi imekinunua bure. Maandishi yenyewe yanawafaa sisimizi, tena wale waliosoma. Nilisogeza kiti. Nikasogeza meza. Mwishowe nikasogeza pua, na alama ya pua hiyo bado ipo kwenye kioo; nimewakataza wafagizi wasiifute, ni ushahidi.

Naomba usiniambie nikapime macho. Nilipima. Nikaandikiwa miwani, nikaivaa, na kwa msaada wake niliiona ile stempu vizuri zaidi: ilikuwa stempu safi, yenye kona nne. Yaliyoandikwa juu yake yalibaki siri yake.

2. Shingo. Nimeanza kuishi kwa mkao wa kazini. Nyumbani natembea nimetanguliza kichwa kama kobe anayesikiliza umbeya. Juzi mke wangu alikuwa akinieleza jambo zito kuhusu paa linalovuja, nami nikamsogelea, nikamsogelea tena, macho nimeyakunja. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mbona unanisoma?" akauliza. "Nimeandikwa nini usoni?"

Kweli nilikuwa natafuta mstari wa mwisho.

3. Nilimpigia simu dada wa kompyuta, ambaye siku hizo mlikuwa mmempeleka tawi jingine. Alisema tatizo ni dogo. Mashine pepe haijaambiwa ukubwa wa skrini, kwa hiyo inajibana kwa adabu. Niingie kwenye faili la kuwashia, niandike mstari mmoja wa vipimo, nihifadhi, niwashe upya. Akanitajia vipimo hivyo: elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane. Alivitaja kwa sauti ya fundi cherehani anayepima kiuno.

Hapo, Ndugu Meneja, nilijiona. Nikasema moyoni, kama napimiwa suruali, kwa nini nisichukue ya kukulia? Nikaandika namba kubwa kuliko zote nilizoweza kutamka bila kuvuta pumzi. Nikahifadhi. Nikawasha upya.

4. Skrini ikawa nyeusi yote. Ndani yake nikauona uso wangu, mdomo wazi. Pampu zote za mji zilikuwa ndani ya weusi ule: hospitali, shule, wenye watoto wachanga, wanaofua. Nikampigia mke wangu.

"Fungulia bomba!"

"Limefunguliwa. Naosha vyombo."

"Linatoa nini?"

"Maji, mume wangu. Ulitaka litoe nini?"

Nilimwambia hayo ni masalio yaliyobaki njiani, ajaze kila chombo haraka, mji umekwisha. Mke wangu huwa hanisikilizi, na mara nyingi ana sababu, lakini siku hiyo sauti yangu ilimtisha. Alijaza ndoo, mabeseni, masufuria, chupa ya chai na buti zangu za mvua. Kisha, kwa moyo wake mwema, akatoka nje akawapigia kelele majirani. Majirani wana ndugu, na ndugu wana simu. Mashine ilipomaliza kuwaka, mtaa mzima ulikuwa umefungulia mabomba yote kwa pamoja, hata yale ya bustani.

Muda si muda maji yakaanza kukonda. Kule juu kwenye mwinuko yakakatika kabisa.

5. Kule juu kwenye mwinuko ndiko aliko shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni kinyozi. Alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Upande mmoja umenyolewa, upande mwingine povu, na mteja mwenyewe alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi. Shemeji hakupiga simu. Alimshika mteja mkono, wakateremka barabarani na taulo shingoni, wakaingia ofisini kwetu, wakanikuta nimejishika kichwa.

"Shemeji," akasema, "mwoshe."

Bomba la ofisi nalo lilikuwa limekauka. Mwendesha pampu wa mji mzima, sikuwa na maji ya kuosha kichwa kimoja. Nilitazama huku na huku, nikauona ule mtungi wa maji ya kunywa ulio nje ya mlango wako. Hiyo ndiyo sababu mchana ule uliuliza nani kamaliza maji, na ndiyo sababu mimi niliangalia dari.

Yule mteja aliinama, nikamwosha polepole, akiniambia asante, asante, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. Kisha mbele ya mhasibu, walinzi na katibu muhtasi, niliinua mkono nikatangaza kwamba aliyekata maji ni mimi, kwa amri ya skrini. Shemeji akasema, "Nilijua siku moja utanikausha." Tangu siku hiyo hatusalimiani. Mke wangu yuko katikati, hajui amtetee nani, na kwa kuwa kwa kinyozi siendi tena, ananinyoa yeye kwa mkasi wa jikoni. Matokeo umeyaona. Ulidhani ni ugonjwa, ukanipa pole, nikapokea.

6. Sasa mashine imewaka, lakini imekua kupita kiasi. Kwanza nilikuwa na stempu. Sasa namtazama tembo kupitia tundu la ufunguo. Naona tumbo lake tu. Mistari ya juu imepaa nje ya skrini, ya chini imezama mezani. Na mashine hii, Ndugu Meneja, huuliza maswali yake chini kabisa. Najua imeuliza kwa sababu inakaa kimya kama mama mkwe anayesubiri jibu. Basi nabonyeza ndiyo. Nimejibu ndiyo kwa maswali ambayo sijawahi kuyaona. Huenda nimefungua mabwawa. Huenda nimeoa tena.

Kutokana na hayo, kwa unyenyekevu naomba mambo machache.

Kwanza, niletewe skrini kubwa zaidi. Kama haipo, ile televisheni ya chumba cha mikutano ipo, inatazamwa na viti vitupu. Kwa kuwa chumba hicho kipo ng'ambo ya ukuta wangu, ukuta ubomolewe, nami nitaisoma kutoka kiti changu bila kumsumbua mtu. Kama tembo atazidi televisheni pia, basi itabidi ukuta wa pili nao uondoke, ambao kwa bahati mbaya ni wa ofisi yako. Tutakaa pamoja. Mimi sikoromi.

Pili, wakati fundi wa ujenzi anasubiriwa, niajiriwe Afisa Mkisiaji, atakayekaa kando yangu na kukisia mashine imeuliza nini. Awe mtu mwenye bahati.

Tatu, wananchi watangaziwe wanywe zaidi asubuhi, wakati macho yangu bado yana nguvu, na jioni wajizuie. Wenye kuoga jioni watoe taarifa mapema kwa maandishi, na maandishi yenyewe yawe makubwa.

Nne, kama yote haya yataonekana kuwa mzigo, basi mji uhamishiwe tambarare, maji yafike yenyewe bila kunihusisha. Najua hili litahitaji kikao.

Naomba ombi hili lisichukuliwe kama manung'uniko ya mtu asiyetaka mabadiliko. Nayataka. Nataka tu kuyaona.

Nisalimie katibu muhtasi, mwambie ile taulo aliyoniazima nimkaushie yule mteja nimeshafua. Wasalimie walinzi, mhasibu, wafagizi na wajumbe wote wa bodi, na nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Nakuinamia, kwa heshima na kwa sababu siwezi tena kunyooka.

Wako katika utumishi wa maji,

Mwendesha Pampu

Nyongeza: Barua hii ililala mezani kwangu ikisubiri bahasha, na kabla bahasha haijapatikana, dada wa kompyuta akarudi kutoka tawini. Hiyo ilikuwa jana. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua faili lile lile, akaandika vipimo vile vile alivyonitajia kwenye simu, bila kuongeza hata kidogo, akawasha upya. Mashine ikakaa sawasawa, kona kwa kona, kama shuka lililotandikwa na mtu mwenye subira. Nikapiga makofi. Kisha tukausoma mstari wa juu kabisa, ambao sikuwahi kuuona, si zama za stempu wala zama za tembo. Umeandikwa: MASHINE YA MAZOEZI. HAIJAUNGANISHWA NA PAMPU YOYOTE.

Dada alinigeukia. "Baba," akasema taratibu, "hii ndiyo unayotumia tangu siku ya mafunzo?"

Inaelekea siku ile nilibofya kipicha cha kushoto, na baadaye sikuona sababu ya kwenda kulia. Mashine ya kweli iko kulia. Tuliifungua. Maandishi yake yanajaza skrini, yanasomeka hata ukiwa mlangoni, na muda wote huu imekuwa ikiendesha pampu yenyewe, haijasimama hata kidogo. Kwa hiyo siku ile ya giza hakuna mashine iliyokata maji. Yalikatwa na simu niliyompigia mke wangu. Ukuta tafadhali usibomolewe.

Kutoka hapo nilipanda hadi kwa shemeji, nikamweleza yote, wateja wakisikia. Nilitegemea anifukuze. Alicheka hadi akashindwa kushika wembe, ikabidi mteja aliyekuwa kitini ampishe akae. Alipopata pumzi akanikalisha mimi, akautazama utosi wangu kwa muda mrefu, akasema, "Dada yangu amekuonea," kisha akaanza kurekebisha. Usiku tulikula wote watatu.

Zimebaki taarifa zangu za kila wiki, za pampu ambazo hazipo. Nimezipitia: zote zina sahihi yako, na kwenye moja umeandika "Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo." Naona tukubaliane kwamba hazina haja ya kufika kwenye bodi.

Nina ombi moja tu. Ile mashine ya kweli inanionyesha kila kitu na hainiulizi chochote. Nimekaa mbele yake tangu asubuhi, mikono mapajani. Dada anataka kuifuta ile ya mazoezi ili apate nafasi. Naomba umzuie. Najua mji wake haupo, na hakuna mtu ndani yake mwenye kiu. Lakini leo nilipofika kazini nilipita kule kwanza, nikaufungulia maji.