Mwonja Chumvi wa Mitole

Jumatatu, 8 Septemba 2025

...na huyu naye kabeba ndoo kichwani! Majid! Majid wa bodaboda, ambaye tangu aoe hajui kisima kiko upande gani. Namwona kwa tundu la dirisha. Maji yote yanamwagikia shingoni. Nyuma yake wanaume wengine, foleni nzima. Wake zao wamekaa kivulini wanatazama. Hawana la kufanya. Ndoo zote ziko kwa waume.

Sababu yake ni tathmini. Mzee Nurdin, mwenyekiti wetu wa kitongoji, kapita nyumba kwa nyumba. Kasema ule mradi wa kinamama, ulioleta mashine ya kusaga, sasa unakaguliwa. Wanataka kujua kama wanawake wamepata nafuu au tumepata kelele za mashine tu. Wataingia mpaka jikoni. Watauliza nani anachota maji, nani anapika. Kila mwanaume ajue la kujibu, kasema.

Mimi najua la kujibu. Ndiyo shida yenyewe. Hapa kwetu napika mimi.

Nimeandika! Kwa mdomo sijawahi kusema. Tangu Mama afariki napika mimi, mlango nimefunga. Dada Maftaha anashinda kwenye mashine, na Bibi macho hayaoni tena. Watu wakisifia kisamvu chetu, Dada anasema ahsante. Nilimwapisha asiseme. Nilimwapisha kwa jina la Mama.

Zamani vijana wa mpira waliniona na unga mikononi. Majid akaniita "shangazi". Msimu mzima! Hata refa akaniita hivyo.

Basi mpango wangu huu hapa. Wakija, nitakuwa dume. Nitakaa mkekani, nitaamrisha. Wasiopika wote wanajifanya wapishi, na mimi mpishi nitajifanya sijui hata sufuria. Hakuna atakayenishuku. Akili hiyo!

Jumanne, 9 Septemba

Hawajafika. Gari limeharibika njiani. Wanaume wamekasirika, wanasema wamechota maji bure.

Nimeshinda ndani napepeta mchele. Mikorosho imetoa maua, harufu inaingia mpaka jikoni. Harufu hii ikija namkumbuka Mama tu, siwezi kukumbuka kingine.

Nilipokuwa mdogo, sijaanza kufunga, nilikuwa mwonja chumvi. Kila Ramadhani. Wao wamefunga, mimi ulimi wangu huru. Alasiri ikifika Mama ananiita, ananidondoshea mchuzi kiganjani. Shamte, imekolea? Namwambia bado. Anaongeza kidogo kwa ncha za vidole. Nikisema sasa, anaepua. Haulizi tena! Mtu mzima anamwamini mtoto namna ile.

Majirani wakaanza kuniazima. Mama yake Majid ananiita uani, mwingine ananiita dirishani, mwingine kaja na upawa mkononi mpaka kwetu. Nilipita majiko yote ya Mitole kwa ulimi. Nilijua nani anazidisha ndimu, nani anaunguza vitunguu. Mchana mzima sikuwa na haya na mtu. Adhana ikilia, kijiji kizima kinafuturu kwa chumvi niliyoikubali mimi.

Mwaka nilioanza kufunga, kazi ikaisha. Nililia. Watu wakadhani njaa.

Halafu mwaka ule Mama anaumwa. Alikuwa ananielekeza kutoka chumbani. Punguza moto. Geuza. Hiyo inashika chini. Haoni, anasikiliza tu sufuria inavyochemka. Siku moja nikampelekea wali na mchuzi wa dagaa. Akala kidogo, akafumba macho, akasema imekolea.

Siku hizo zikirudi, mimi hata kuitwa shangazi nakubali. Kidogo.

Jumatano, 10 Septemba

Wamefika! Mkubwa wao ni mama mfupi, kavaa raba, anaitwa Bertha, katokea Dar. Kwenye mkutano kasema hakuja kuhesabu mashine. Mashine anaiona, ipo. Anataka kujua ule muda ambao mwanamke alikuwa anatwanga, sasa kaupata nani. Kaupata yeye mwenyewe, au kaongezewa kazi nyingine juu yake?

Nikawaza, huyu naye ni mwonja chumvi. Hapiki yeye, lakini asipoionja, hakuna ajuaye kama imekolea.

Wakaanza nyumba ya Majid. Nikawafuata kwa nyuma ya ua, nikachungulia. Majid kajifunga khanga kiunoni, anakoroga. Jasho linamtoka, na moto wenyewe umezimika! Mkewe kapika tangu asubuhi. Bi Bertha anamsifu, anamsifu, halafu kwa upole kabisa anamwomba amwonyeshe chumvi. Majid akafungua kopo, sukari. Akafungua jingine, misumari. Akamtazama mkewe. Mkewe anatazama juu, anahesabu makuti. Mama yake Majid kacheka mpaka kajishika mbavu. Mwanangu, kamwambia, chumvi ya nyumba hii inakujua wewe mdomoni tu.

Nikacheka na mimi. Nikakimbia nyumbani, nikajitupa mkekani.

Wameingia. Shikamoo sijasalimia hata moja, ili nionekane dume. Nikapaza sauti, Maftaha, maji ya kunywa! Dada akanitazama kama nimepandwa na pepo. Akaleta. Bi Bertha akaniuliza, kaka, jana nani kapika? Nikamnyooshea Dada kidole. Nani kachota maji? Kidole. Nani kamwogesha Bibi? Kidole. Bi Bertha akamgeukia Dada, akamuuliza ni kweli? Dada akainamisha kichwa. Akasema ni kweli.

Bibi kakohoa kikohozi kirefu sana. Walipotoka akaniambia, mume wangu, leo umenitia aibu, nimeozwa kwa mwanaume mvivu.

Lakini mpango umefanikiwa! Hakuna aliyejua.

Alhamisi, 11 Septemba

Mambo yameharibika.

Kumbe kulikuwa na nafasi ya kwenda Lindi mjini kujifunza ufundi wa mashine. Mwanamke mmoja tu kutoka kijiji chetu. Maana sasa hivi mashine ikifa, kinamama wanamsubiri fundi kutoka Masoko, anakuja akijisikia. Na wote walikuwa wamemtaja Dada. Dada mashine anaisikiliza kama Mama alivyosikiliza sufuria. Anasema hapa inataka hewa, pale mkanda umelegea. Fundi anafika, anakuta hivyo hivyo.

Leo Bi Bertha kasema jina la Maftaha limewekwa pembeni. Kasema hana ubaya naye. Katika kijiji kingine walimpeleka mwanamke mwenye mzigo kama huo, akarudishwa katikati ya mafunzo, maana nyumbani hakuna wa kupika wala wa kumtazama mgonjwa. Mradi ukamdhuru badala ya kumsaidia. Hataki kurudia kosa hilo. Mpaka mwanaume wa nyumba ile abadilike, kasema.

Mwanaume wa nyumba ile ni mimi!

Dada hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Kakaa karibu na mashine, imezimwa, anaipangusa vumbi. Nikamuuliza kwa nini hukusema ukweli. Akajibu, si uliniapisha? Akaendelea kupangusa.

Nilitaka kwenda kwa Bi Bertha nikamwambie. Nikafika mpaka ofisi ya kijiji. Nikasimama mlangoni. Akaniuliza nataka nini. Nikasema naulizia gari lao kama limepona. Nikarudi.

Mpango mpya. Kesho nitapika mlango wazi. Bi Bertha akipita atanikuta kama kwa bahati mbaya. Sitasema neno hata moja. Macho yake yatafanya kazi yote.

Ijumaa, 12 Septemba

Mlango wazi. Nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Kisamvu kiko motoni, karanga nimeshatia. Nasubiri Bi Bertha.

Kaingia Majid!

Alikuja kuomba moto. Akanikuta miguu huku na huku, kifuu mkononi. Tukatazamana. Nikataka kusema nakalia tu, nimechoka. Majid akatoka mbio bila moto. Nikamsikia mpaka barabarani. Jamani, shangazi yuko kwenye mbuzi! Njooni muone!

Wakaja. Uwanja ukajaa. Vijana wa mpira, Mzee Nurdin, kinamama na unga wao. Na Bi Bertha katikati. Mimi nimeganda, siwezi kuinuka, siwezi kukuna.

Bi Bertha hakuamini. Kasema wiki hii Mitole kila mwanaume ni mpishi, yeye kachoka na maigizo. Kweli akataka kuondoka. Alikuwa anageuka kabisa!

Mama yake Majid ndiye aliyemshika mkono. Akamuuliza, mwanangu, Maftaha unamwona kwenye mashine toka asubuhi? Bi Bertha akasema namwona. Na Bibi huyu haoni? Haoni. Sasa huo moshi wa kila siku nani anaufukisha, jini?

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kumbe wanajua! Wote! Mke wa Majid akasema harufu ile ni kisamvu cha marehemu mama yake Shamte kitupu, Maftaha hajawahi kukipatia. Mwingine akasema huyu ametuonjea chumvi sote hajaota hata meno ya pili, leo tusijue mkono wake? Walikuwa wananistahi tu. Walikuwa wananyamaza kwa ajili yangu.

Bi Bertha akamuuliza Dada, mbona ulikubali kunyimwa nafasi? Dada akasema, niliapa kwa jina la mama yetu. Bi Bertha akaweka kalamu chini. Hakuandika. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja. Akaniuliza, bado?

Nikasema bado. Nikaongeza kidogo. Nikamwambia sasa.

Jina la Dada limerudi.

Nimeona kama niko Ramadhani zile. Watu uani, kila mmoja ananingoja mimi niseme. Sikuwa na haya. Kwa muda mfupi tu, lakini sikuwa nayo.

Jumapili, 14 Septemba

Dada kaondoka alfajiri kwenda Lindi. Kanishika kichwa, akasema Mama angecheka. Nikamwambia ingekuwa Mama yupo, angekuwa ameshamfundisha fundi wa Masoko adabu. Mashine leo haina mtu wa kuisikiliza. Nyumba nayo hivyo hivyo.

Halafu Bi Bertha kabla hajaondoka kafanya jambo. Kasema mbele ya watu kwamba tathmini isiyoacha kitu haina maana. Kwa hiyo wanaume wa Mitole watajifunza kupika, na mwalimu wao ni Shamte. Kila Jumapili. Mbele ya watu, kwa sauti! Mzee Nurdin akapiga makofi. Majid akapiga kuliko wote.

Nimefikiri sana yote yaliyonipata wiki hii. Nimejifunza. Kosa langu ni moshi. Ningepikia mkaa wala wasingejua.

Basi nahamia Kikole kwa mjomba Yasini mpaka Dada arudi. Kule hawanijui vizuri. Nitafika, nitakaa mkekani, nitaagiza maji. Nimeweka upawa na mwiko chini kabisa ya begi, nguo juu yake. Mke wa mjomba akitoka kwenda shamba nitakuwa nampikia Bibi haraka haraka, mlango nimefunga.

Bibi kakubali kwenda. Keshapanda pikipiki iliyokodiwa, nyuma ya choo, kashikilia begi. Ananiuliza kwa sauti, mume wangu, huko twendako uchumba utaanza upya au bado wewe ni yule mvivu? Namwambia anyamaze, watasikia.

Wamesikia. Lazima nitoke sasa hivi. Wanaume wamefika mlangoni na sufuria zao, wanagonga, wanaita mwalimu, mwalimu, na Majid keshaanza kuzunguka uani.