Mtaa Usio na Mgeni

"Wametukubali," alisema Waziri, akaiinua simu ili benchi zima lione. Hakuwa waziri wa chochote. Alitengeneza simu za watu, na yake mwenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka vipande vipande.

"Nani kawakubali nyie?" Bi Kahawa aliuliza huku akimmiminia Shemeji kikombe.

"Jiji. Imo kwenye habari. Mtaa wetu utatambuliwa rasmi kuwa mtaa wa wahamiaji. Tutawekewa kibao pale kona, tuingizwe na kwenye ramani."

"Miaka yote hii kumbe tulikuwa hatupo?" Shemeji alisema. Jina hilo alilipata alipooa mwenyeji, na tangu hapo huutaja mji mzima kuwa ni wakwe zake.

"Ulikuwepo, ila kama mtoto wa nje. Kila mtu anaona umefanana na nani, lakini jina la baba hupewi," Waziri alimjibu.

Fundi hakucheka. Benchi lenyewe lilikuwa mlangoni kwake, na ukutani pake vijana wa Jiji walishachora alama nyekundu ya kubomoa, ili barabara mpya ipite.

"Hebu soma kuhusu barabara," alisema.

"Mtaa ukitambuliwa, hauguswi. Barabara itapinda."

Fundi akashusha pumzi. Chumba kile cha ushonaji ndicho kilichomlisha na kumwozeshea binti, na sasa hivi mkewe alikuwa humo akitia vifungo. Hakuwa na pengine pa kwenda, na alikuwa na hofu.

"Ila leo anapita afisa," Waziri aliendelea. "Anauliza mlango kwa mlango kama wahamiaji wapo kweli."

Kahawa ikampalia Shemeji. "Wapo kweli? Mbona usiku wa msako hawapotei njia? Siku ya kutushika wanatujua mpaka mlango wa nyuma, leo ya heri ndiyo wanatutafuta kwa tochi."

"Mimi kibao chenu sikitaki," alisema Bi Kahawa. "Wakishakuandika, siku ya kukufukuza hawapati tabu."

"Dunia imebadilika, Bi Kahawa," Waziri alisema.

"Imebadilika kwako mwenye kibali. Kwangu ni ile ile."

"Nisikilizeni," Fundi alisema. "Mkijificha leo, kesho mimi nashonea juani. Akija semeni ukweli: sisi ni wageni, tumetoka mbali, tumekaa. Basi. Msema kweli mpenzi wa Mungu."

"Wewe ndiye utakayesema," Waziri akamwambia. "Una sauti ya hotuba."

Afisa akatokea upande wa juu wa mtaa, dada mpole, kitambulisho kikining'inia shingoni. Benchi likamtazama akianza kazi. Muuza mitumba alimwambia wahamiaji labda mtaa wa pili. Kinyozi alisema hajawahi kumwona hata mmoja, na aliyekuwa kitini kwake akaondoka na nusu ya nywele. Si kwamba walipanga. Mtaa ule ulilea watoto hivyo: mwenye kitambulisho shingoni akiuliza, hakuna mtu. Mtoto aliliweza jibu hilo kabla hajajua kuhesabu.

"Habari zenu," afisa alisema alipofika. "Natafuta wahamiaji wanaoishi hapa."

Waziri akazama kwenye simu. Bi Kahawa alikuwa ameshakata kona na birika lake.

"Mimi ni shemeji tu," alisema Shemeji.

Fundi akasimama. Hotuba ilikuwa tayari, ameipanga tangu mwanzo hadi mwisho. Afisa akatoa kalamu.

"Na wewe, baba, unaishi hapa?"

"Mimi? Hapana, mama. Napita tu. Nimekuja kuchukua suruali yangu."

Afisa akaandika, akashukuru, akaelekea kwenye gari.

"Suruali," Waziri alisema. "Hotuba yote ile, suruali."

"Mdomo umenitangulia," Fundi alisema.

"Basi mkimbilie, unangoja nini?"

Akatoka mbio. "Mama afisa, ngoja. Mimi mgeni. Mgeni kabisa, sina hata shangazi mji huu."

Mtaa ukamsikia. Mtu anayelikimbilia gari la Jiji akijitangaza hivyo, ama kashikwa, ama anawauza wenzake. Milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine.

Afisa alishusha kioo. "Jibu lako nimeshaliandika, baba. Kama ni kubadilisha, nani shahidi wako?"

Fundi akageuka. Hata benchini hapakuwa na mtu.

Gari lilipoondoka, alirudi taratibu, akaukuta mlango wake umekomewa kwa ndani. Akabisha.

"Nani?" aliuliza mkewe.

"Mimi, Fundi. Fungua."

Cherehani ikanyamaza.

"Fundi hatumjui," alisema mkewe. "Nenda kaulize mtaa wa pili."